Kozi fupi, muhula mmoja au shahada nzima nje ya nchi: kipi kitangulie kwa anayeanzia Dodoma

Kijana amepata nafasi Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na wakati huohuo ana barua ya udahili kutoka chuo cha nje. Nyumbani wanajiuliza: aende moja kwa moja akae miaka mitatu au minne, au aende kwanza wiki chache aone kama kunamfaa? Wazo la kuonja kabla ya kujaza sahani ni zuri. Shida ni kwamba watu huita "kuonja" vitu viwili visivyofanana, na kimojawapo ni ghali kuliko kile kinachokufundisha.

Tunalinganisha njia tatu. Ya kwanza ni kozi fupi ya wiki 2 hadi 8, ambayo mara nyingi ni kozi ya kiangazi au ya lugha. Ya pili ni muhula mmoja wa kubadilishana wanafunzi, miezi 4 hadi 6, ukiwa bado umesajiliwa chuo chako cha hapa. Ya tatu ni shahada kamili. Msimamo wetu ni huu: mwenye nafasi katika chuo cha hapa atajipima vizuri zaidi kwa muhula wa kubadilishana. Kozi fupi ina kazi yake, lakini ni finyu. Shahada ya moja kwa moja inawafaa watu wa aina mbili, nao tutawafikia.

Viza ya kozi fupi haikufikishi kwenye shahada

Hapa ndipo familia nyingi hupotea. Huona kozi fupi kama mlango wa nyuma: mtoto aingie kwanza, akishafika atahamia shahada hukohuko. Kwa nchi nyingi haiko hivyo.

Chukua Uingereza. Anayekwenda kusoma kwa muda usiozidi miezi 6 katika chuo kilichoidhinishwa anaweza kutumia viza ya mgeni. Halipi tozo ya huduma ya afya na hadaiwi kipimo cha kifua kikuu, lakini haruhusiwi kufanya kazi ya malipo hata siku moja. Wa shahada anaomba viza ya mwanafunzi. Analipa tozo ya afya ya pauni 776 kwa kila mwaka wa masomo, na hulipwa yote kwa mkupuo wakati wa kuomba. Anapima kifua kikuu, kwa kuwa Tanzania imo katika orodha ya nchi zinazodaiwa kipimo hicho. Anaonyesha pia kwamba fedha za ada na kujikimu zimekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo. Yeye anaruhusiwa kufanya kazi hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Aliyeingia kwa viza ya mgeni hawezi kuibadili kuwa ya mwanafunzi akiwa hukohuko. Anarudi nyumbani, anaomba upya, analipa upya.

Ujerumani ni vilevile kwa sura nyingine. Kozi fupi hupita kwa viza ya Schengen, ile ya muda mfupi ya pamoja kwa nchi nyingi za Ulaya: ada yake ni euro 90, bima ya safari isiyopungua euro 30,000, na huwezi kuzidisha siku 90 ndani ya siku 180. Shahada hutaka viza ya kitaifa, na huko kikwazo kikubwa ni akaunti iliyofungwa. Unaweka euro 11,904 za mwaka mzima kabla ya kusafiri, kisha unachota euro 992 kila mwezi. Kwa shilingi ni zaidi ya milioni 30 zinazotakiwa kuwapo siku moja, hata kama ada ya chuo ni sifuri. Mwenye viza hiyo anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 kamili kwa mwaka. Mwenye ya Schengen haruhusiwi, na wala haigeuzwi kuwa ya masomo.

Kuna gharama nyingine ambayo haimo kwenye bajeti ya mtu yeyote. Ukinyimwa viza ya kozi fupi, kunyimwa huko kunabaki. Fomu ya viza ya shahada itakuuliza kama umewahi kukataliwa, nawe utatakiwa kujibu kweli. Ombi la kozi ya wiki tatu lililoandikwa haraka haraka, lenye taarifa ya benki ambayo ndani yake milioni 10 zimeingia juzi kutoka kwa mjomba, linaweza kuchafua ombi kubwa la mwaka unaofuata. Afisa wa viza haangalii salio peke yake. Anaangalia miezi ya nyuma fedha imeingiaje. Fedha ikiingia kwa mkupuo bila maelezo, huonekana ni ya kuazima.

Upande wa pili, aliyekwenda muhula mmoja akarudi kwa tarehe aliyosema ana rekodi ya safari inayomsemea vizuri.

Hesabu ya kila wiki

Usilinganishe jumla kwa jumla. Gawanya kwa wiki.

Tiketi ya ndege bei yake ni ileile ukikaa wiki nne au wiki ishirini. Viza, bima, picha, kuthibitisha vyeti na safari za Dar es Salaam ni hivyohivyo. Balozi nyingi na vituo vya alama za vidole viko Dar, kwa hiyo anayetoka Dodoma ahesabu angalau safari mbili. Treni ya SGR imepunguza maumivu haya: kwa nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa mwaka 2024, shilingi 31,000, kwenda na kurudi mara mbili ni 124,000. Bado kuna chakula, na pengine malazi ya usiku mmoja kama miadi ni ya asubuhi sana.

Sasa tuseme, kwa mfano tu, gharama hizo zisizobadilika zimefika shilingi 3,700,000. Kwa kozi ya wiki 4, kila wiki imebeba 925,000 kabla hujanunua mkate. Kwa muhula wa wiki 20, kila wiki imebeba 185,000. Juu ya hapo kozi ya kiangazi mara nyingi ina ada yake kamili, ilhali mwanafunzi wa kubadilishana huendelea kulipa ada ya chuo chake cha nyumbani na chuo mwenyeji hakimtozi. Programu ya Erasmus+ ya Umoja wa Ulaya huenda mbali zaidi: mwanafunzi wa chuo chenye makubaliano hukaa miezi 2 hadi 12, halipi ada huko, na hupewa posho ya kujikimu pamoja na mchango wa nauli. Sharti ni kwamba chuo chako kiwe na makubaliano na chuo hicho mahususi. Kwa hiyo swali la kupeleka ofisi ya ushirikiano wa kimataifa ni hili: "Makubaliano yaliyo hai mwaka huu ni na vyuo gani, yanahusu idara zipi, na nafasi ni ngapi?" Ukiuliza tu kama kuna nafasi za nje, utajibiwa usubiri tangazo.

Anayeishi kwa bumu la Bodi ya Mikopo awe makini hapa. Malipo hufuata usajili wako na saini yako mwenyewe kila muhula. Kabla ya kuondoka pitia kwa afisa mikopo wa chuo, mwandikiane jinsi utakavyosaini ukiwa nje. Mwanafunzi aliyekwenda nje bila usajili wake kuhuishwa huonekana ameacha masomo. Kuirudisha hali hiyo ni kazi ya barua nyingi.

Krediti: karatasi inayoamua kama muhula umehesabika

Faida kubwa ya muhula wa kubadilishana ni kwamba haukurudishi nyuma mwaka. Faida hiyo hupotea kirahisi kama krediti hazikuandikwa mapema, na sababu ni ya kihesabu kabisa.

Tanzania, krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, mwaka una krediti 120, na shahada ya miaka mitatu ina 360. Ulaya bara mwaka una krediti 60, na kila moja ni saa 25 hadi 30. Chukua mwanafunzi aliyesoma masomo matatu ya krediti 6 za Ulaya, jumla 18. Mratibu mmoja atalinganisha kwa mwaka: 60 huko ni 120 hapa, kwa hiyo 18 ni 36. Mwingine atalinganisha kwa saa: 18 mara 25 ni saa 450, kwa hiyo 45. Muhula wa nyumbani ni 60. Kwa hesabu ya kwanza unadaiwa krediti 24, kwa ya pili 15. Masomo ni yaleyale na matokeo ni yaleyale, ila tofauti ni krediti 9, karibu somo zima la kulipia na kulikalia mwaka wa tatu wakati wenzako wanaandika tafiti.

Kwa hiyo mkataba wa masomo usainiwe na pande tatu kabla ya kuondoka: wewe, chuo chako na chuo mwenyeji. Ndani yake kila somo la huko liandikwe mbele ya somo la hapa linalolibeba, na kanuni ya kubadili krediti iandikwe kwa tarakimu. Andikeni pia kama alama zitaingia kwenye GPA, yaani wastani wako wa ufaulu, au zitahesabika kama "amefaulu" tu. Masomo ya lazima ndiyo yanayosumbua zaidi. Ya hiari hupata mbadala kirahisi, lakini somo la lazima la idara huenda lisiwe na mwenzake huko, nawe utalikeri, yaani utalisoma baadaye ukirudi.

Mambo mawili huharibika baada ya kufika. La kwanza, somo ulilosainia linafutwa kwa sababu wanafunzi hawakutosha, au linagongana kwenye ratiba na lingine. Badilisha mkataba ndani ya wiki chache za mwanzo, na usikubali ruhusa ya mdomo. Tuma barua pepe kwa mkuu wa idara, subiri jibu la maandishi. La pili, transkripti huchelewa. Muhula wa huko unaweza kumalizika Februari na karatasi ikatoka Aprili. Idara ijue mapema, la sivyo kwenye matokeo yako kutakuwa na mapengo siku Seneti inapokaa.

Kozi fupi haina mzigo huu, lakini pia haina mavuno yake. Nyingi hutoa cheti cha kuhudhuria ambacho hakiingii popote kwenye shahada.

Kalenda ya hapa

Mhitimu wa kidato cha sita hamalizi mitihani Mei akawa huru hadi Oktoba. Kuna JKT kwa mujibu wa sheria, matokeo hutoka Julai, kisha dirisha la udahili na la mikopo hufunguka, na yote yanabana katika miezi hiyohiyo ambayo vyuo vya Ulaya huendesha kozi za kiangazi, Juni hadi Agosti. Kijana anayekwenda kozi ya wiki nne mwezi Agosti anaweza kurudi akakuta awamu ya udahili imepita, au hakuthibitisha chuo alipochaguliwa zaidi ya kimoja. Kwa kundi hili kozi fupi ya nje tunaishauri mara chache sana.

Aliye mwaka wa kwanza au wa pili ana likizo ndefu, lakini fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, huila sehemu kubwa. Panga kozi ije baada ya fildi, au idara ikubali kwa barua kwamba mafunzo ya huko ndiyo fildi yako.

Muhula wa kubadilishana hupatana na kalenda yetu vizuri kuliko inavyodhaniwa. Ujerumani vipindi vya muhula wa baridi huanza Oktoba hadi Februari, na vya kiangazi Aprili hadi Julai, si mbali na mihula yetu miwili. Kati ya hiyo, chagua wa Oktoba kama unaweza, kwa sababu inayofuata.

Unakwenda kuona nini hasa?

Mtu aliyezoea jua la Dodoma akienda Berlin mwezi Julai atakuta jua linazama karibu saa tatu na nusu usiku, watu wako bustanini, na maisha ni mepesi. Atarudi akisema panamfaa. Hajaona Desemba, ambapo saa kumi jioni giza limeshaingia, na hali hiyo inaendelea kwa wiki nyingi. Ugumu wa shahada ya nje mara nyingi huanzia miezi ile: usingizi unavurugika, mtu anaacha kwenda vipindi, sapu, yaani mitihani ya marudio, zinaanza. Wiki nne za kiangazi zimempa jibu sahihi kwa swali ambalo si lake.

Hili la majira lina uzito hata kwenye fani yenyewe. Mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi huvuna mara mbili kwa mwaka, takriban Februari hadi Machi na Agosti hadi Septemba. Tuseme kijana wake anataka kusomea zabibu na mvinyo, na anaangalia Geisenheim nchini Ujerumani, chuo chenye jina katika fani hiyo. Kule mavuno ni mara moja, Septemba hadi Oktoba. Akienda kozi ya Julai ataona majani na mashina, hataona mavuno wala pipa likichemka. Akienda muhula unaoanza Oktoba atakuta kiwanda kinafanya kazi, na Januari na Februari atashika mkasi wa kupogolea kwenye baridi, kazi ambayo hapa hufanywa mzabibu ukiwa kwenye joto. Atajua pia jambo linaloamua zaidi: masomo ya shahada ya kwanza ya fani hiyo huko ni ya Kijerumani. Je, Kijerumani chake kinatosha kufuata mhadhara wa kemia ya uchachushaji? Hilo hulijui hadi umekaa darasani wiki kadhaa.

Kozi fupi inafanya vizuri kazi moja, nayo ni lugha. Hata hiyo ianzie hapa. Kichina kinafundishwa UDOM kwenyewe kupitia Taasisi ya Confucius, na Kijerumani kuna Goethe-Institut Dar es Salaam. Fika daraja la kati ukiwa nyumbani kwa gharama ndogo, ndipo wiki nane za huko zikupandishe. Kwenda kujifunza salamu ughaibuni ni kulipa nauli ya ndege kwa kitu kinachopatikana Ng'ong'ona, hapohapo UDOM ilipo.

Kwa China mgawanyo wa viza uko wazi: X2 ni ya masomo yasiyozidi siku 180, X1 ni ya zaidi ya hapo. Mwenye X1 ana siku 30 tangu kuingia kuomba kibali cha ukaazi, na wanaosahau hupigwa faini. India, mwenye viza ya zaidi ya siku 180 hujisajili ofisi ya wageni ndani ya siku 14 za kufika. Kama kinachokuvuta ni jina la chuo cha India na si nchi yenyewe, kumbuka IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, imefungua kampasi Zanzibar tangu 2023.

Nani aende shahada moja kwa moja

Wa kwanza ni aliyepata ufadhili kamili wenye maandishi: ada, malazi, posho, bima na tiketi kwa miaka yote. Ufadhili wa mwaka wa kwanza peke yake hauhesabiki hapa. Nafasi hizo hazimsubiri mtu aonje. Wa pili ni mwenye fani isiyofundishwa nchini kwa kiwango anachohitaji, ambaye familia yake ina fedha ya mwaka wa pili leo, si matumaini ya kuuza kiwanja. Ukiacha hao wawili, tunasema subiri mwaka mmoja, anza chuo hapa, nenda muhula mmoja.

Hata hao waanzie TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kabla ya kuondoka chukua cheti cha kutokuwa na pingamizi, kwa sababu hapo ndipo unapojua kama chuo na programu vinatambuliwa, na kama sifa zako za kidato cha sita zinakubalika kwa programu hiyo. Tume ina orodha ya mawakala waliosajiliwa pia, kwa hiyo wakala anayedai fedha huku hayumo kwenye orodha achwe. Ukirudi, shahada yako itahitaji kutambuliwa na TCU kabla ya kuombea ajira serikalini, maana matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hulitaja sharti hilo waziwazi. Wa udaktari waangalie pia taratibu za Baraza la Madaktari Tanganyika, na wa sheria waangalie kama nchi waendako ina mfumo wa sheria unaofanana na wetu.

Nyaraka, kwa njia yoyote utakayochagua

Pasi ya kusafiria ni shilingi 150,000 na hudumu miaka 10. Ombi hujazwa mtandaoni, na wa Dodoma hana haja ya kwenda Dar kwa hilo. Kwa Schengen, pasi iwe na angalau miezi mitatu ya uhai baada ya tarehe ya kutoka huko.

Kinachochelewesha watu ni majina. Weka cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, cha sita na kitambulisho cha NIDA juu ya meza moja, usome herufi kwa herufi. Kimoja kina Mohamedi, kingine Mohamed. Kimoja kina majina matatu, kingine mawili. Tarehe ya kuzaliwa imepishana siku moja. Hapa nyumbani hakuna aliyewahi kukusumbua kwa hilo, lakini chuo cha nje na ubalozi watasimamisha faili. Marekebisho hupita RITA, NIDA au kwa hati ya kiapo kulingana na kosa lenyewe, na kila ofisi itataka karatasi ya ofisi nyingine. Anayelenga Oktoba alianze hili Januari, kabla hata hajachagua chuo.